SOMO: Kupaka Nyumba Rangi ya Kijani Iliyokolea



Umejenga nyumba yako ya matofali na umepiga plasta. Sasa linakuja swali: ndani upake rangi gani? Wapo wanaopenda kijani iliyokolea isiyong'aa, kama msitu wa Magamba wakati wa ukungu. Rangi hiyo inapendeza. Tena haionyeshi upesi alama za mikono ya watoto. Lakini yapo mambo manne ya kujua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

1. Mwanga

Rangi nyeupe hurudisha mwanga chumbani. Kijani iliyokolea humeza mwanga. Huku kwetu Usambara kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai, na nyumba nyingi zina madirisha madogo. Ukipaka kijani chumba kizima utawasha taa mchana ili usome gazeti hili. Basi, paka kijani sehemu ya chini tu, mita 1 kutoka sakafuni. Juu paka nyeupe au chokaa. Madarasa mengi yamepakwa hivyo. Sehemu ya chini ndiyo inayoshikwa-shikwa. Ya juu ndiyo inayoleta mwanga.

2. Hesabu

Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kukizunguka ni:
4 + 3 + 4 + 3 = mita 14.
Kwa kimo cha mita 1, ni mita za mraba 14. Toa 1 ya mlango, zinabaki 13. Utapaka mara mbili:
13 x 2 = 26.
Lita 1 hupaka mita za mraba kama 10. Kwa hiyo:
26 ÷ 10 = lita 2.6.
Nunua lita 3. Ukijua hesabu hii, fundi hawezi kukuambia ununue lita 8.

3. Sumu ya risasi

Hili ndilo jambo kubwa. Rangi nyingine za kijani hutengenezwa kwa kuchanganya buluu na manjano yenye risasi. Risasi ni sumu. Rangi ikibanduka hutoa vumbi. Mtoto anatambaa, anashika sakafu, anatia vidole mdomoni. Risasi huharibu ubongo wake, akawa mzito wa kujifunza, na madhara hayo huweza kudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Si mara ya kwanza kijani kuleta balaa. Mwaka 1775, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alitengeneza kijani nzuri sana yenye sumu ya aseniki. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya waliipenda, wakabandika kutani karatasi zenye rangi hiyo. Wengi wakaugua ndani ya nyumba zao.

Tufanye nini? Soma kopo kabla ya kununua. Tafuta maneno yanayosema rangi haina risasi. Kama yameandikwa kwa Kiingereza, mwombe kijana wa sekondari akusomee. Usipoyaona, muulize mwenye duka, au chagua kopo jingine. Rangi ya zamani usiichome wala usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza. Watoto na mama wajawazito wakae mbali mpaka kazi iishe na sakafu ipigwe deki.

4. Kazi yenyewe

- Acha plasta mpya ikauke kama mwezi mmoja. Penye ukungu mwingi ngoja zaidi. Ukuta wenye unyevu hubandua rangi.
- Safisha vumbi, kisha paka rangi ya msingi.
- Kijani ikiwa kali mno, tia nyekundu kidogo sana, ukoroge, itapoa. Rangi ya maji ichanganye na ya maji, ya mafuta na ya mafuta.
- Fungua madirisha unapopaka. Mpako wa kwanza ukikauka, ndipo upake wa pili.

Nyumba nzuri ni ile inayopendeza macho na kulinda afya ya watoto.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunapaka kijani chini na nyeupe juu?
2. Pima chumba chako. Utahitaji lita ngapi?
3. Vumbi la rangi yenye risasi humfikiaje mtoto?
4. Angalia makopo ya rangi dukani kwenu. Yameandikwa nini?