Viumbe Wageni Baharini

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba viumbe wa baharini hutegemeana kwa chakula. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huliwa na wanyama wadogo. Wanyama hao huliwa na dagaa. Na dagaa huliwa na samaki wakubwa kama jodari na nguru. Kila kiumbe ana chakula chake, na pia ana adui wake. Adui ndiye amzuiaye asizidi mno. Leo tutajifunza linalotokea kiumbe anapofikishwa katika bahari isiyo yake, mahali ambapo adui zake hawapo.

Yuko samaki mmoja mzuri wa kutazama aishiye katika matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwili wake una milia myekundu na myeupe, na mapezi yake yametanuka kama manyoya ya ndege. Miba yake ya mgongoni ina sumu, kwa hiyo wavuvi hawamshiki ovyo. Jina lake la Kiingereza lina maana ya samaki-simba, nasi tutamwita hivyo. Huku kwetu samaki-simba hawaharibu bahari. Wao ni aina moja tu miongoni mwa mamia ya aina za samaki wa matumbawe. Lakini mwaka 1985 samaki wa jamii hii alionekana katika pwani ya Florida, Marekani, mbali kabisa na kwao. Inadhaniwa kwamba watu waliokuwa wakifuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo ndio waliowaachia baharini. Samaki wadogo wa huko hawakuwahi kumwona mwindaji wa namna ile, wala hawakujua kumkimbia. Leo samaki-simba wameenea kote katika Bahari ya Karibi na wamefika hata Brazili. Mahali pengi wamewapunguza sana samaki wadogo wa matumbawe.

Kiumbe wa namna hii huitwa kiumbe mvamizi. Angalia vizuri maana ya neno hilo. Si kila mgeni ni mvamizi. Mahindi na mihogo ilitoka Amerika, wala hakuna aitaye mimea hiyo mivamizi, maana haimei mahali isipopandwa na kupaliliwa. Mvamizi ni mgeni aongezekaye bila kizuizi na kuwadhuru wenyeji.

Farumi

Mtu akiachia samaki wachache baharini, tunaweza kumwona na kumkataza. Lakini wageni walio wengi husafirishwa na meli bila nahodha kujua. Ili ufahamu jinsi inavyokuwa, fanya jaribio hili.

Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge kwa kifuniko, uiweke ndani ya ndoo ya maji. Utaona kwamba inalala ubavu. Jaribu kuisimamisha, inaanguka tena. Sasa tia mchanga mkavu hadi robo ya chupa, ifunge, kisha uiweke majini ikiwa wima. Safari hii inaelea wima. Ukiisukuma kwa kidole huinama kidogo, halafu hurudi. Uzito ulio chini ndio unaoishikilia.

Meli isiyo na shehena ni kama chupa ile tupu. Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hili tangu zamani. Jahazi likisafiri bila shehena ya kutosha, walipakia mawe au mchanga chini ya chombo, na uzito huo wakauita farumi. Meli za chuma za siku hizi hazina haja ya mawe. Farumi yao ni maji ya bahari yenyewe. Meli ishushapo shehena bandarini, pampu huvuta maji na kuyajaza katika matangi yaliyo chini na ubavuni mwake. Meli kubwa huweza kuchukua makumi ya maelfu ya tani za maji. Ifikapo bandari nyingine kupakia shehena mpya, maji hayo humwagwa.

Je, maji hayo yalikuwa na nini ndani yake? Pamoja na mwalimu wako, chota maji ya bahari katika bilauri safi. Kama unakaa bara, tumia maji ya bwawa. Shika bilauri mahali penye mwanga, utazame kwa kioo cha kukuzia. Huenda ukaona vitu vidogo vinavyorukaruka. Hivyo ni wanyama. Katika maji ya bahari mna pia mayai ya samaki, watoto wa kaa na wa chaza, vipande vya mwani, na hata vijidudu vya maradhi. Wengi wao hufa katika giza la tangi. Wachache hufika hai, na mara nyingine wachache hao hutosha.

Yaliyotokea katika Bahari Nyeusi

Bahari Nyeusi iko kati ya Uturuki upande wa kusini, na Ukraine na Urusi upande wa kaskazini. Watu wa pwani ya Uturuki hupenda sana samaki wadogo wa jamii ya dagaa, na maelfu ya wavuvi huishi kwa kuwavua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mnyama mgeni alionekana katika bahari hiyo. Umbo lake linafanana na konyeza. Mwili wake ni laini, unapitisha mwanga, na karibu wote ni maji. Lakini yeye hawashi kama konyeza. Mwilini ana mistari minane ya vinyweleo vilivyopangwa kama meno ya kitana, na kwa hivyo huogelea. Kwa sababu hiyo tutamwita konyeza-kitana. Wataalamu humwita Mnemiopsis leidyi. Kwao ni pwani ya mashariki ya Amerika, katika Bahari ya Atlantiki. Alifika katika Bahari Nyeusi ndani ya farumi ya meli.

Konyeza-kitana ana dume na jike katika mwili mmoja. Hahitaji mwenzi ili azae, kwa hiyo hata akifika peke yake anaweza kuanzisha kizazi. Anaweza kuanza kutaga akiwa na umri wa wiki mbili hivi, na kwa siku moja mkubwa hutaga maelfu ya mayai. Tena ni mlafi. Hula wanyama wale wadogo ambao ndio chakula cha dagaa. Kisha hula mayai na watoto wa dagaa wenyewe. Ni kama mwizi aliyemaliza mtama wa kuku, halafu akala na mayai yao.

Huko Amerika wako wanyama wamlao. Katika Bahari Nyeusi hawakuwapo. Kufikia mwaka 1989 maji yalikuwa yamejaa konyeza-kitana. Nyavu zilitoka zimejaa utelezi badala ya samaki. Katika muda wa miaka miwili hivi samaki waliovuliwa na Waturuki walipungua hata chini ya theluthi moja ya kawaida. Vyombo vilikaa ufukoni, na familia nyingi zikakosa riziki. Yafaa tuseme pia kwamba konyeza-kitana hakuwa na kosa peke yake. Kabla ya hapo wavuvi walikuwa wamevua kupita kiasi, na mito ilikuwa imeleta mbolea na uchafu mwingi baharini. Mgeni aliikuta nyumba imekwisha kulegea nguzo.

Mwaka 1997 alionekana mgeni wa pili, aitwaye Beroe. Yeye pia ni wa jamii ya konyeza-kitana, lakini chakula chake ni konyeza-kitana wenzake. Wavamizi wakapungua, na mayai ya dagaa yakaanza kuonekana kwa wingi tena. Hiyo ilikuwa bahati. Mgeni wa pili angaliweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza, na hakuna aliyempima kabla hajaingia. Bahari ya Kaspi haikupata bahati hiyo: konyeza-kitana alionekana huko mwaka 1999, na uvuvi wa dagaa wake ukaanguka vilevile.

Kumzuia mgeni njiani

Mvamizi akishazaana baharini, hakuna wavu wa kumtoa. Basi kazi hufanywa mapema. Mwaka 2004 mataifa yalifanya mapatano juu ya farumi, yaliyoanza kutumika mwaka 2017. Njia ya kwanza, iliyoruhusiwa hadi mwaka 2024, ilikuwa kubadilisha maji katikati ya bahari kuu, mahali penye kina kirefu. Viumbe wa pwani hawawezi kuishi huko, na wale wa bahari kuu hawastawi bandarini. Njia ya pili ni kuyachuja maji ndani ya meli, kisha kuwaua viumbe waliobaki kwa dawa au kwa mwanga maalumu usioonekana. Meli ziingiazo Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hutoka pande nyingi za dunia, kwa hiyo jambo hili latuhusu sisi pia.

Iko njia nyingine ambayo wageni hupitia. Chaza na mwani hunata chini ya meli na kusafiri nayo. Kuisafisha meli pale chini huwaondoa.

Maswali

1. Farumi ni nini? Kwa nini meli yenye shehena kamili haihitaji farumi nyingi?
2. Samaki-simba haleti madhara kwetu, lakini ameleta madhara katika Bahari ya Karibi. Eleza sababu.
3. Konyeza-kitana aliwadhuru dagaa kwa njia mbili. Zitaje.
4. Meli yachukua maji katika mto, nayo huyabadilisha katika bahari kuu. Kwa nini viumbe wa mtoni hawatafika hai?
5. Waulize wazee wa mahali unapokaa: ni mmea au mnyama gani ambaye hakuwapo walipokuwa watoto? Aliletwaje? Andika majibu yao katika daftari lako, uyalinganishe na ya wenzako.