Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 22: Usifumue, Tia Kiraka



Ndugu zangu wa jamaa ya msikiti wetu hapa Mponde, na nyinyi mliotawanyika Soni, Bumbuli, Lushoto, Tanga na Dar lakini bado mnatufuata kwenye chaneli hii, poleni na funga. Alhamdulillah, tumefika siku ya 22.

Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alibaki nyuma watu walipotoka. Nimemwomba ruhusa nisimulie, jina lake nalihifadhi. Akaniambia: "Sheikh, mimi Ramadhani ya mwaka huu nimeshaiharibu. Kuna siku nne nimekula mchana kusudi, sikuwa mgonjwa wala msafiri. Alfajiri nyingi zimenipita nimelala. Naona bora niiache tu iishe. Mwakani inshallah naanza upya, naifunga yote vizuri."

Mnaona hapo? Hakusema haipendi Ramadhani. Anaipenda, ila hataki kuishika ikiwa na doa. Na najua hayuko peke yake. Usiku ule wa kwanza safu zilifika mlangoni, watu wakaswali kwenye baraza. Sasa hivi mnajua wenyewe tumebaki safu ngapi. Siamini kwamba wote walioondoka wamechoka. Wengine wameona aibu.

Kwa hiyo leo tuzungumze habari ya viraka.

*Mfarishi wa mama*

Mwaka niliofaulu kwenda sekondari ya bweni, shule ilituma orodha ya vitu: tranka, ndoo, shuka, blanketi. Tranka tuliazima. Blanketi ndilo lililoshindikana. Baba alihesabu pesa mara mbili, akanyamaza.

Mama akaanza kushona. Usiku, kwa taa ya koroboi, baada ya kazi zote za nyumbani. Chini alitandika bitana, shuka moja zima. Katikati akaweka blanketi kuukuu lenye matundu. Juu akapanga vipande: kanga zilizochakaa, sketi ya dada yangu, kanzu ya baba iliyochanika mgongoni, mfuko wa unga uliofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Hakuwa na kipimo wala mchoro. Anachukua kipande, anakigeuza, anaona kinapokaa, anapiga bandi kwa mkono. Kikipungua anaungia kingine. Wengine kitu hicho hukiita mfarishi, wengine blanketi la vipande. Mkiamka saa kumi za usiku kula daku kwenye baridi yetu hii, mnajua thamani yake.

Siku ya nne nikaukagua. Mistari ya mshono imepinda kama barabara ya Mombo kuja Soni. Kipande chekundu kimekaa peke yake katikati ya vyeupe. Nikamwambia, "Mama, si ufumue ushone upya? Wenzangu watanicheka."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Nikifumua leo, baba, kesho utaondoka na nini? Usiku utajifunika maneno ya wenzako?"

Niliondoka nao. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli: niliuficha chini ya tranka muhula mzima, nikawa nalala na sweta. Nikarudi nyumbani na kikohozi. Mama akaniuliza, "Ulikuwa mwepesi?" Nikadanganya, nikasema ndiyo. Basi akakaa tena na sindano usiku kadhaa, akaongeza tabaka lingine juu.

Nilikuja kumwambia ukweli nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Akacheka. "Nilijua. Ulirudi nao msafi kama ulivyotoka."

*Waliofika India na sindano*

Kazi hii si ya milimani kwetu tu. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi watu waitwao Wasiddi. Asili yao ni Afrika, wengi wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka huku kwetu mashariki na kusini kidogo, Wareno wakawauza Goa. Waliofanikiwa kutoroka waliingia msituni wakaanza maisha. Leo wako Waislamu, wako Wahindu, wako Wakristo.

Akina mama wa Kisiddi hushona mifarishi waiitayo kawandi. Wanatumia nguo zilizochakaa za familia, na nyuma mara nyingi huweka sari kuukuu. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka pande zote nne, wanaingia ndani polepole mpaka wakutane katikati. Hawapimi wala hawachori kwanza. Kipande kinachofuata kinatokana na kilichotangulia, na kilichopo kwenye fungu. Pembeni, kwenye kona, wanamalizia kwa vijipande vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua. Bila maua hayo wanaona kazi haijakamilika.

Nilipoona picha zake nilimkumbuka mama. Watu walionyang'anywa kila kitu hawakusubiri wapate kitambaa kizima ndipo wawafunike watoto wao. Walianza na kilichokuwepo.

*Dini yetu inajua kuunga*

Sasa tugeukie dini. Tukisoma vizuri tutaona Mwenyezi Mungu hakutuwekea ibada ya malaika. Ametuwekea ibada ya watu wanaosahau na kuteleza, na kila ibada akaiwekea pa kutia kiraka.

*Swala.* Siku moja Mtume (s.a.w.) aliswalisha moja ya swala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Dhul-Yadayn akauliza, je, swala imepunguzwa au umesahau? Mtume akawauliza watu, wakathibitisha. Alifanya nini? Hakuamuru swala nzima irudiwe. Alikamilisha rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau. Habari hii iko kwa Bukhari na Muslim. Kiongozi wa viumbe aliswalisha swala yenye kiraka mbele ya masahaba, ili sisi tujifunze.

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, kwamba siku ya Kiyama swala ya faradhi ya mja ikionekana ina upungufu, itaangaliwa kama ana sunna, faradhi ikamilishwe kwazo. Zile rakaa mbili unazoziona ndogo ni vipande vya akiba.

*Funga.* Aliyekula kwa kusahau anaendelea na funga yake, Mwenyezi Mungu ndiye aliyemlisha. Mgonjwa na msafiri wamepewa siku nyingine, tunasoma hivyo katika Suratul-Baqara. Na aliyekula kusudi, kama kijana wetu? Hapa nataka msikilize vizuri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu huyo haruhusiwi kusema "nimeshaharibu, ngoja nile mpaka magharibi." Analazimika kujizuia saa zote zilizobaki za siku ile, atubu, na siku ile ailipe baadaye. Kuharibika kwa asubuhi hakujampa ruhusa ya kuichana alasiri. Sasa kama ndivyo ilivyo kwa siku moja, vipi kwa mwezi mzima?

*Zakatul-fitri.* Ibn Abbas amepokea kwamba imewekwa kumtakasa mfungaji na maneno ya upuuzi na machafu, na kuwalisha maskini. Wakii bin Jarrah, mmoja wa walimu wa Imamu Shafi, aliifananisha na sijda ya kusahau: hii inaziba upungufu wa funga kama ile inavyoziba upungufu wa swala. Kwa hiyo ile pishi moja ya chakula, vibaba vinne, unayoitoa kwa kila mtu wa nyumbani kwako kabla ya swala ya Idi, ni kiraka cha mwezi wako. Na uzuri wake ni kwamba upungufu wako wewe unakuwa shibe ya jirani.

Tena kila siku, katika kila swala, tunapokaa kati ya sijda mbili tunaomba: *wajburni*. Wengi tunalipitia mbio. Asili yake ni *jabr*, kuunga kilichovunjika, kama mganga anavyounga mfupa. Tunamwambia Mola wetu, niunge.

*Lakini bitana iwe nzima*

Kuna mtu hapa ataanza kufurahi kupita kiasi. "Aah, kumbe sheikh amesema mapungufu si neno." Sijasema hivyo.

Mfarishi wa mama ulikuwa na mistari iliyopinda, lakini mshono haukufumuka. Vipande vilitoka huku na huku, lakini bitana ilikuwa shuka zima. Ungeweka viraka juu ya bitana iliyooza, vyote vingechomoka siku ya kwanza kufuliwa. Bitana yetu ni nguzo na faradhi: swala tano, funga, zaka. Hizo hatuzipunguzi, na ibada mpya hatuzibuni wenyewe. Hata njia ya kuunga tumeonyeshwa. Asiye na maji atayamamu. Asiyeweza kusimama aswali amekaa. Mwenye jeraha lililofungwa apake maji juu ya bandeji kwa utaratibu wake. Tunafanya kwa kilichopo, lakini ndani ya mpaka.

Na kiraka si tundu. Anayetia kiraka ameliona tundu, amelikubali, amekaa na sindano. Anayesema "Mungu ni mwingi wa rehema" huku tundu linapanuka hajashona kitu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

*Aibu ya kiraka*

Mimi ni mwalimu, nimewaona wanafunzi wa aina hii. Mtoto akikosea mstari mmoja anachana ukurasa. Daftari zetu zimebanwa katikati kwa pini, kwa hiyo ukichana ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma naye unalegea. Kufika katikati ya muhula daftari limebaki jembamba, na kazi nzuri nazo zimepotea pamoja na mbaya. Mwenzake aliyekata kwa mstari mmoja akaandika chini yake, daftari lake halivutii, lakini ana cha kusomea mtihani.

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl, aya ya 92, anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Aya inahusu viapo na ahadi, na sisi usiku wa kuandama mwezi tulitia nia. Siku 18 alizofunga kijana wetu ni uzi uliosokotwa. Nani amemwambia aufumue?

Na kiraka hakimshushi mtu. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alitaja kwamba alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Anas bin Malik alimwona Umar, wakati ni Amiri wa Waumini, ana viraka vitatu kati ya mabega, kimoja juu ya kingine. Imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Umar aliongoza dola na viraka vyake mgongoni, watu wote wakiviona. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nikaona aibu ya kujifunika kazi ya mama yangu, nikapata kikohozi. Aibu ile ilinipa nini? Baridi tu.

*Kazi ya leo*

1. Chukua karatasi. Andika siku za funga unazodaiwa. Zilipe kabla ya Ramadhani ijayo. Ukichelewesha bila udhuru mpaka mwezi mwingine ukaingia, unalipa siku na kibaba cha chakula kwa kila siku. Aliyefungua kwa jambo zito zaidi ya kula na kunywa aniulize faragha, asione haya.

2. Kama uliacha tarawehe, rudi leo. Usieleze ulikuwa wapi. Na nyinyi mliopo safu ya mbele, mtu akirudi msimwambie "leo umetukumbuka?" Sogeeni, mpeni nafasi, basi.

3. Kama kuna mtu ulimjibu vibaya ukiwa umefunga, mke, mtoto, kibarua wako shambani, mwombe radhi kabla ya kufuturu. Icho nacho ni kiraka.

Leo jua likizama tunaingia usiku wa 23, katika witiri za kumi la mwisho, ambamo tumeambiwa tuutafute Lailatul-Qadr. Hatukuambiwa kwamba watafutaji ni wale tu waliofunga bila dosari.

Kijana wangu, najua unasoma. Siku nne ni zako, utazilipa inshallah. Nane zilizobaki, mwezi ukitimia thelathini, bado ziko mkononi mwako. Usiku wa leo utajifunika nini? Njoo na kilichopo.

Ewe Mola wetu, tusamehe, tuhurumie, unga mapengo yetu. Zipokee funga zetu na viraka vyake. Warehemu wazazi wetu waliotufunika usiku wa baridi, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.