Maharamia Likizoni: Vidokezo 10 vya Msako wa Hazina Usioishia kwa Kilio

Mwaka 1881 familia moja ilikwenda likizo Braemar, kijiji cha milimani huko Scotland, mvua ikawafungia ndani. Robert Louis Stevenson na Lloyd, mtoto wake wa kambo, wakajikalia na rangi zao wakachora ramani ya kisiwa ambacho hakipo. Ramani ikazaa hadithi, na 1883 hadithi ikatoka kama kitabu, kile ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Kisiwa Chenye Hazina. Basi mzazi uliye pwani Desemba hii, watoto wameshachoka kuogelea na sasa wanagombania chaja, dawa yako haihitaji bando. Inataka karatasi, rangi na kitu kilichofichwa mahali.

Tabu ni kwamba msako wa hazina ukipangwa ovyo huwagombanisha ndugu upesi kuliko chaja yenyewe. Mkubwa anatangulia mbio, wa kati analalamika kaonewa, kitinda mimba anaangua kilio kwa kuwa hajaona hata fumbo moja. Nimeandika nikimfikiria mtu aliyekodi nyumba Watamu kwa wiki moja. Ukiwa Diani, Pangani au Bagamoyo, mengi yatakufaa vilevile.

1. Katiba ya meli kwanza, mbio baadaye

Maharamia wa kweli hawakuishi kiholela hivyo. Bartholomew Roberts, aliyeuawa baharini karibu na Gabon mwaka 1722, aliwaapisha mabaharia wake kwa masharti yaliyoandikwa: kila mtu ana kura, ugomvi haumalizwi melini bali nchi kavu, nahodha anapata mafungu 2 ya mateka na baharia wa kawaida fungu 1, na anayepoteza mkono au mguu kazini analipwa fidia. Masharti hayo yalichapishwa London mwaka 1724, na kwa nyumba yenye watoto watatu yanafaa kuliko vitabu vingi vya malezi.

Kaeni barazani muandike yenu. Hakuna kufungua fumbo kabla wote hawajafika. Hakuna kumwita mwenzako mjinga. Mafungu ni sawa kwa sawa, nahodha asijidai. Atakayechomwa na mwiba atafidiwa kashata 1. Kila mtu apake masizi kidole gumba, atie sahihi. Kifungu cha Roberts cha kuzima taa saa 2 usiku kinakilini kama kilivyo, msiguse hata nukta.

2. Kila mtoto ashike kitu ambacho wenzake hawana

Ukisoma kidokezo kimoja tu, soma hiki. Watoto watatu wakipewa karatasi moja, ujue imekwenda kwa mkubwa. Kata ramani vipande kwa idadi yao, kila mmoja abaki na chake. Mkubwa ashike dira. Wa kati ndiye msomaji wa mafumbo, na akisoma wengine wananyamaza. Kitinda mimba avishwe ufunguo wa kufuli shingoni, na kasha lisifunguke bila yeye. Utashangaa: kaka mtu aliyekuwa akimkimbia mdogo wake mwaka mzima atamshika mkono, hata atambeba mgongoni kwenye mchanga wa moto, maana bila yule mtoto hakuna hazina.

Halafu vipimo. Ramani za maharamia hupima kwa hatua, na hatua ndizo zinazozua ubishi, kwa sababu za mtu wa miaka 12 si za mtu wa miaka 4. Tangaza mapema kwamba kipimo rasmi cha meli ni hatua ya mdogo kuliko wote. Andika, "Hatua 15 za mdogo wenu kutoka mnazi uliopinda." Mkubwa atainama kuhesabu nyayo, na mdogo atatembea kwa madaha huku akijua kwamba leo akiamua kuruka, hesabu yote inaharibika.

Mna pacha? Funguo mbili, kufuli mbili. Usibishane nao.

3. Ramani ichemshiwe chai

Chemsha chai ya rangi iliyokolea, iache ipoe, mimina kwenye sinia, laza karatasi humo kwa dakika chache kisha ianike juani. Chora baada ya kukauka, si kabla, la sivyo wino utatambaa na kisiwa kitakuwa dimbwi. Kingo zikitaka kuunguzwa kwa mshumaa, aunguze mtu mzima akiwa na ndoo ya maji kando. Weka kaskazini juu, bahari upande wa kulia, maana Watamu jua huchomoza baharini, na hilo peke yake ni somo la jiografia ambalo hakuna atakayelishtukia.

4. Mafumbo yawe vitendawili

Mashairi ya kuokota mitandaoni hayana ladha. Watoto wetu wana "Kitendawili!" na "Tega!" tangu chekechea, na nyumba ya pwani imejaa vitu vya kutegea:

"Ni mbuzi lakini halii wala hali majani, ana meno, na bado mtu humkalia mgongoni." Wakimbilie jikoni kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto wa Nairobi aliyezoea nazi ya pakiti atahitaji dakika tano, na zitakuwa dakika tano nzuri.

"Nina matundu elfu, na kazi yangu ni kuzuia mgeni asiingie." Chandarua. Fumbo linalofuata limebanwa kwa kibanio cha nguo ndani ya mkunjo.

"Kwangu baridi ya Limuru mwaka mzima, ukinibishia hodi nakuwashia taa." Friji.

Asiyejua kusoma mchoree picha. Aliyefika umri wa kujiona amekua mpe maandishi ya siri, kila herufi na alama yake, na umsimulie habari za Olivier Levasseur, haramia wa Kifaransa aliyenyongwa kisiwani Réunion mwaka 1730. Inasemekana alipokuwa akipelekwa kitanzini aliwarushia watu karatasi ya mafumbo inayoonyesha alikoficha mali yake. Huko Bel Ombre, Ushelisheli, Mwingereza Reginald Cruise-Wilkins alianza kuitafuta katikati ya karne ya 20, akafa hajaipata, na mwanawe akairithi kazi. Kwa hiyo mkubwa wako akikwama robo saa kwenye fumbo moja, mwambie hajachelewa.

Mafumbo 6 yanatosha. Yakifika 10, wa mwisho kusoma atakuwa wewe.

5. Wazee wa bandari wanalipwa kwa shikamoo

Mlinzi wa nyumba, mpishi, na Nyanya kama amesafiri nanyi, wapewe fumbo moja moja mkononi. Waombe mapema, tena kwa heshima, kwa sababu mlinzi yuko kazini, hayuko kwenye mchezo wenu. Sharti ni moja: hatoi fumbo kwa mtoto anayefika akipiga makelele "Leta! Leta!" Anangoja shikamoo iliyokamilika, anaitikia marahaba, anauliza habari za safari, anajibiwa, ndipo anaingiza mkono mfukoni. Nyanya naye awe na haki ya kuwakalisha awahadithie kwanza. Watanung'unika. Nyanya ameona mengi zaidi ya manung'uniko.

6. Usibishane na maji

Hapa nitakaa kidogo, kwani hapa ndipo wageni wa bara hukosea. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, zaidi ya saa 6 kidogo kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mpango uliokwenda vizuri Jumatatu saa 4 asubuhi hautakwenda hivyo Ijumaa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanakupwa mbali mno, kisha yanarudi kwa nguvu na kupanda zaidi ya mita 3. Kwenye ghuba ya Watamu maji yakipwa unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye visiwa vidogo vya matumbawe, na hapo ndipo pana kishawishi cha kuficha hazina. Usifiche. Mtoto anayetafuta kitu hatazami nyuma, na maji hayapigi honi.

Pata jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye simu, kisha mwulize mvuvi yeyote ufukweni, atakusahihisha. Mchezo wote ubaki juu ya ule mstari wa mwani mkavu ambao maji yameuacha, na mtu mzima asimame upande wa bahari wakati wote. Si nyuma ya watoto akipiga picha. Upande wa bahari.

7. Ficheni, msifukie

Juu ya mstari wa maji, kwenye mchanga mkavu, ndipo kasa nao hupanda usiku kutaga. Mayai yao hukaa chini takriban siku 60, na koleo la mtoto halina macho. Kwa hiyo ufukweni hakuna kuchimba shimo la hazina. Mnaotaka kuchimba, mwagieni mchanga ndani ya ua mpigane nao huko. Tena maharamia wenyewe hawakuwa wafukiaji wakubwa. Mali yao waliigawana na kuitumia. Anayejulikana kwa kufukia ni William Kidd, aliyeficha sehemu ya mali yake Gardiners Island, karibu na New York, mwaka 1699. Gavana akatuma watu wakaifukua, ikawa ushahidi dhidi yake, na 1701 akanyongwa London.

Na hazina isiwe makombe ya kuokota. Bahari ya Watamu ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na makombe ni ya humo humo. Vifungashio vya plastiki pia acheni: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Chukua vifuu viwili vya nazi, tia fumbo katikati, funga kwa kamba ya usumba. Kinafungika vizuri, hakipasuki kikakata mtu, na kinapendeza kuliko chupa.

8. Siku moja wapelekeni Gede, kusaka kwa macho tu

Tuk-tuk kutoka Watamu haichukui muda. Mji wa Gede ulihamwa karne ya 17 ukamezwa na msitu, na James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Alichofanya kinawafaa maharamia wenu kweli kweli: nyumba zake kadhaa zinaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma. Waandikie orodha, kila ndugu achague nyumba mbili, awaongoze wenzake kuzitafuta, na akifika abuni nani alikiangusha kile kitu na kwa nini hakurudi kukichukua. Mwisho watafute kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, nawe waachie wa shule ya upili wapige hesabu hadi 1399.

Hakuna kupanda kuta, hakuna kuokota hata kigae. Mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Na vitafunio vifichwe vizuri, kwani kima wa pale hawana katiba.

9. Mavazi yasikutoe jasho

Leso kichwani, kikoi kiunoni, masharubu ya masizi. Basi. Kitambaa cha jicho kivaliwe wakati wa picha tu, maana mtoto mwenye jicho moja kwenye mwamba ni safari ya zahanati. Viatu lazima. Anzeni saa 1 asubuhi au mngoje saa 10 alasiri. Katikati hapo jua la kaskazi ni kali na hakuna hazina inayostahili.

Kama kuna mtoto atakayeuliza iwapo maharamia walikuwa watu wazuri, mwambie ukweli: walikuwa wanyang'anyi, na bahari yetu hii ilikuwa nao, wakijificha kisiwani Sainte-Marie, Madagaska. Kisha endeleeni na mchezo.

10. Hazina igawanyike

Simu moja ndani ya kasha ni vita, na hata chokoleti itafika ikiwa uji. Weka vitu vingi vidogo: kashata, ubuyu, visheti, sarafu za shilingi 20 zilizong'arishwa kwa ndimu, na kipande cha karatasi chenye kitu cha wote, tuseme safari ya mashua kesho au haki ya kuchagua chakula cha jioni. Mmoja agawe mafungu, mwingine achague kwanza. Utaona ubuyu ukihesabiwa punje kwa punje, na hakuna hakimu atakayeitwa.

Wakishalamba vidole watataka kuwafichia watu wazima hazina yao wenyewe. Wakubalieni, ila kwanza ondoeni ufunguo wa gari mezani.