Presha ya Oili Baada ya Kubadili Injini ya Lori

Nanganga ni njia panda. Barabara itokayo Mtama hupita hapo kuelekea Ndanda na Masasi, na tawi lake huenda Ruangwa. Kuanzia mwezi wa Oktoba, korosho zinapovunwa, malori hupita katika barabara hiyo yakichukua magunia kutoka vijijini kwenda maghalani. Injini ya lori ikichakaa, mara nyingi mwenye lori hununua nyingine iliyokwisha kutumika ng'ambo, kwa kuwa mpya ni ya bei asiyoiweza. Injini hiyo hufungwa, huwaka, na lori huondoka. Lakini wakati mwingine, baada ya safari chache tu, mshale wa geji ya oili hulala karibu na sifuri.

Hapo huwa na njia mbili, na zote ni za gharama. Dereva akiendelea na safari, krankishafti yaweza kukwama na injini yote ikaharibika. Fundi akiifungua injini nzima, siku za msimu hupotea, na pengine kasoro haikuwa ndani ya beringi hata kidogo. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuelewa kile ambacho geji inakipima, kisha kutafuta kasoro kwa utaratibu, kuanzia lililo rahisi.

GEJI HUPIMA NINI?

Pampu ya oili husukuma kiasi kile kile cha oili katika kila mzunguko wake. Pampu peke yake haileti presha. Presha hutokea kwa sababu oili inazuiwa na nafasi nyembamba inamopita, hasa kati ya krankishafti na beringi zake. Mtu afunguaye bomba la maji na kuuziba nusu mdomo wake kwa kidole huliona jambo hilo hilo: maji huruka kwa nguvu kwa kuwa yamebanwa.

Msomaji asidhani kuwa presha inayoonekana kwenye geji ndiyo inayoibeba shafti. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower wa Uingereza alitoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiichunguza, kisha akaliziba. Shafti ilipozunguka, oili ilikisukuma kizibo nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu: shafti inapozunguka huivuta oili na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na utando wa oili ulio hapo huwa na presha kubwa inayoinua shafti. Kazi ya pampu ni kuhakikisha kuwa utando huo haukosi oili. Geji basi ni shahidi wa ugavi: ikishuka, yaonyesha kuwa oili haifiki ya kutosha au inavuja kwa wepesi mno.

Wepesi wa kuvuja hutegemea mambo mawili. La kwanza ni mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka. Oili ya namba 40 ikipashwa moto kutoka nyuzi 40 za Selsiasi hadi 100, mnato wake hupungua hadi kama sehemu moja tu kwa kumi. La pili ni nafasi ya beringi. Kwa presha na mnato ule ule, uvujaji hukua kwa kipeo cha tatu cha nafasi hiyo. Nafasi ikiongezeka kutoka milimeta 0.06 hadi 0.12, yaani mara mbili, uvujaji huwa mara nane. Ndiyo maana uchakavu usioonekana kwa macho huiangusha geji.

HATUA YA KWANZA: GEJI YENYEWE

Injini inapobadilishwa, mara nyingi geji hubaki ile ya lori la zamani, na sensa huwa ile iliyokuja na injini. Sensa hubadili presha kuwa ukinzani wa umeme, na kila mtengenezaji ana kiwango chake. Sensa na geji zisizolingana husema uongo hata kama injini ni nzima. Kwa hiyo sensa ifunguliwe, na mahali pake ifungwe geji ya mkono yenye mrija wa oili, isiyotumia umeme. Katika injini nyingi za dizeli za malori, oili ikiwa ya moto, presha ya kilo 1 hivi kwa sentimeta mraba wakati injini inazunguka polepole, na kilo 3 hadi 5 katika mwendo wa kazi, huhesabiwa kuwa ya kawaida. Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi wa mwisho.

HATUA YA PILI: OILI

Kijiti cha kupimia oili chaweza kuwa cha injini nyingine, na alama zake zisiwe za kweli. Oili imwagwe yote, ijazwe kwa lita zilizoandikwa kitabuni, na kijiti kitiwe alama upya. Oili iliyotoka inuswe na kutazamwa. Ikinuka dizeli na kiasi chake kimeongezeka, nozeli au pampu ya dizeli inavuja ndani. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

HATUA YA TATU: KUISOMA PRESHA KATIKA HALI MBALIMBALI

Presha isomwe injini ikiwa baridi, ikiwa ya moto na inazunguka polepole, ikiwa ya moto na inakwenda kasi, na hatimaye ikiwa mlimani.

(a) Presha ni nzuri injini ikiwa baridi, hushuka ikipata moto, na hupanda tena kasi ikiongezwa. Hii ni dalili ya beringi zilizochakaa au oili nyepesi mno.

(b) Presha ni ndogo wakati wote na haipandi sana hata kasi ikiongezwa. Valvu ya kupunguzia presha itazamwe kwanza, maana taka ndogo au springi iliyovunjika huiacha wazi. Valvu ikiwa nzima, pampu ndiyo ishukiwe.

(c) Mshale hutetemeka na oili hutoka povu. Pampu inafyonza hewa, pengine kwa gasketi ya bomba la kufyonzea iliyopasuka. Ikiongezwa lita moja au mbili kwa majaribio na mshale ukatulia, ushahidi umepatikana. Oili hiyo ya ziada ipunguzwe mara baada ya jaribio.

(d) Presha ni nzuri tambarare, lakini huanguka mlimani.

Dalili hii ya mwisho yastahili kuangaliwa sana na wapitao barabara ya Masasi kwenda Newala, ipandayo ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde. Ili injini ngeni ikae juu ya ekseli, mafundi huenda wakabadili sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Bomba la kufyonzea likibaki mbele, mlima huiondoa oili mahali hapo. Katika mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, sampu yenye urefu wa sentimeta 60 huwa na tofauti ya sentimeta 6 kati ya kina cha mbele na cha nyuma. Oili iliyokuwa na kina cha kutosha pale Nanganga humwacha dereva bila oili nusu ya mlima, akiwa na shehena yote. Dawa ni sampu na bomba vinavyolingana, wala si beringi mpya.

ONYO

Wapo watiao oili nzito ili mshale upande. Geji hupendeza, lakini oili nzito huchelewa kuzifikia beringi wakati wa kuwasha, na kasoro hubaki pale pale. Aidha, injini iliyofungwa upya isiwashwe pampu ikiwa kavu: chujio lijazwe oili, dizeli ifungwe, na injini izungushwe kwa starta, kwa vipindi vifupi, mpaka mshale uinuke. Mshale ukilala ghafla safarini, injini izimwe papo hapo.

ZOEZI

Lori lililobadilishiwa injini lina presha ya kilo 4 likiwa baridi. Likipata moto na kuzunguka polepole lina kilo 0.4, na likienda kasi lina kilo 2.5. Geji ya mkono yathibitisha vipimo hivyo, na oili ni ya namba sahihi lakini yanuka dizeli. Je, fundi afungue beringi kwanza, au atengeneze uvujaji wa dizeli, abadili oili na kupima tena? Msomaji atoe sababu kwa kutumia kanuni ya mnato.