Printa Moja, Kompyuta Nyingi: Zamu Hupangwaje?

Katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari zaweza kuwapo kompyuta kumi na mbili na printa moja tu. Mpango huo si dalili ya umaskini. Printa hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, na kununua kumi na mbili kungekuwa ubadhirifu. Linalotupasa kuuliza ni jinsi kompyuta hizo, ambazo kila moja inafanya kazi bila kujua nia ya nyingine, zinavyotumia mashine moja pasipo kuvurugiana. Wengi hudhani kwamba jibu ni waya. Waya ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni zamu. Tena zamu ya wayani na zamu ya karatasini ni mambo mawili yasiyofanana.

Tatizo hili lilikuwa mojawapo ya sababu kuu za kubuniwa kwa mtandao wa Ethernet. Mwaka 1971 Gary Starkweather, mhandisi wa kampuni ya Xerox, alihamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, California. Hapo aliunda printa iliyotumia mwale wa leza kuandika juu ya silinda ya mashine ya kunakilia. Iliweza kuchapa ukurasa mmoja kila sekunde, kwa nukta 500 katika kila inchi. Wakati huo wenzake walikuwa wakitengeneza Alto, kompyuta ya kutumiwa na mtu mmoja mezani pake. Kila mtafiti angeweza kupewa kompyuta yake, lakini si printa kubwa na ya ghali kama ile. Robert Metcalfe alieleza njia ya kuziunganisha katika waraka wa tarehe 22 Mei 1973, kisha akaijenga pamoja na David Boggs. Mtandao wao ulipitisha biti 2,940,000 kwa sekunde. Jina lake lilitokana na etha, kile kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kuwa hubeba mwanga, na ambacho Michelson na Morley walikitafuta mwaka 1887 wasikione.

Tufanye hesabu kidogo. Karatasi ya Kimarekani ina upana wa inchi 8.5 na urefu wa inchi 11. Kwa nukta 500 kwa inchi tunapata 4,250 × 5,500, yaani nukta 23,375,000. Ikiwa kila nukta ni biti moja, nyeusi au nyeupe, ukurasa mmoja ungehitaji karibu sekunde 8 kupita wayani, ilhali printa iliweza kuuchapa kwa sekunde moja. Dawa yake ilikuwa kupeleka herufi badala ya nukta. Ukurasa wa herufi 3,000, kila herufi biti 8, ni biti 24,000 tu, nazo hupita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kazi ya kugeuza herufi kuwa nukta ilifanywa na mtambo wa pekee uliowekwa upande wa printa.

Sasa tuje kwenye zamu ya wayani. Katika Ethernet ya awali hakukuwa na msimamizi. Kila kompyuta ilisikiliza kwanza. Ikiona waya u kimya, ilianza kupeleka. Kompyuta mbili zikianza kwa pamoja, mawimbi yao yaligongana, nazo zote zilinyamaza na kungoja muda uliochaguliwa kwa kubahatisha. Katika kanuni iliyosanifiwa baadaye, baada ya mgongano wa kwanza kila moja huchagua nafasi 0 au 1. Baada ya wa pili, 0 hadi 3. Baada ya wa tatu, 0 hadi 7. Ikiwa zinazoshindana ni mbili tu, uwezekano wa kugongana tena ni 1/2, kisha 1/4, kisha 1/8. Basi, baada ya mgongano wa kwanza, uwezekano wa kugongana mara tatu nyingine mfululizo ni 1/64. Mitandao ya leo ya waya hutumia swichi, na migongano hiyo imetoweka. Lakini kungoja kwa kubahatisha kungali kunatumika katika mitandao isiyo na waya.

Habari zinazopita wayani hukatwa vipande, na kila kipande hubeba anwani ya kilikotoka na kinakokwenda. Kwa hiyo vipande vya kompyuta tatu vyaweza kufuatana kwa mchanganyiko wowote bila madhara, kwa kuwa mpokeaji atavichambua. Karatasi haina fadhila hiyo. Mstari wa mtihani wa Kemia ukifuatwa na mstari wa barua ya mkuu wa shule, hakuna awezaye kuichambua wino ikiisha kukauka. Ndiyo maana kazi ya kila mmoja hupokelewa nzima na kuwekwa katika diski au kumbukumbu, ikingoja katika foleni hadi iliyotangulia imalizike.

Foleni nayo ina siasa yake. Tuseme printa inachapa kurasa 20 kwa dakika, na zimewasili kazi nne: ya kwanza ina kurasa 60, na tatu zilizofuata zina kurasa 2 kila moja. Kwa kufuata aliyetangulia, kazi zitakwisha katika sekunde ya 180, 186, 192 na 198. Wastani ni 189. Tukianza na zilizo fupi, zitakwisha katika sekunde ya 6, 12, 18 na 198. Wastani ni 58.5. Printa haikuongeza kasi hata kidogo, na mwenye kurasa 60 amechelewa sekunde 18 tu. Lakini kazi fupi zikizidi kumiminika, huyo wa kurasa 60 aweza kulala hapo hapo. Kwa maoni yangu, shuleni ni afadhali kufuata aliyetangulia, na kazi ndefu zichapwe baada ya masomo.

Jambo la mwisho ni habari za kumrudia mtumiaji. Katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, printa ilikuwa mbali na watumiaji, na karatasi zilikwama mara kwa mara. Richard Stallman alirekebisha programu ili printa ikikwama, wote waliokuwa na kazi katika foleni wapate taarifa. Yamkini mmoja wao angekwenda kuikwamua. Karibu na mwaka 1980 ililetwa printa mpya ya leza, na programu yake ilikuja bila maandishi yake ya asili. Hakuweza kuirekebisha, na aliyekuwa na maandishi hayo alipoombwa alikataa kuyatoa. Tukio hilo ni mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983.

Mwalimu anayeunganisha printa ya shule aipe anwani isiyobadilika, la sivyo kompyuta zitaitafuta mahali ilipohama. Foleni ikiwekwa katika kompyuta moja, kompyuta hiyo ikizimwa hakuna atakayechapa. Wanafunzi nao wachukue saa, wachape ukurasa wa maandishi matupu, kisha ukurasa uliojaa picha, na wapime muda unaopita kabla karatasi haijaanza kusogea.