Vigezo vya Kila Seva Viwekwe Wapi?

SWALI: Nasimamia kwa Ansible seva za mawakala wa forodha walioko Busia na Malaba. Vigezo vyote viko kwenye faili moja lililojaa masharti ya “kama ni seva hii, fanya vile”. Nivipange vipi? – Msomaji, Moding

JIBU: Kila thamani iandikwe mara moja tu, katika ngazi ya juu kabisa ambako bado ni kweli. Saa za Afrika Mashariki zinahusu seva zote, hivyo ziende group_vars/all. Lango la mtandao wa Malaba liende kwenye kundi la malaba. Anwani ya IP ni ya seva moja, basi ikae host_vars. Ansible hufuata ngazi hizo: kundi dogo hushinda kundi linalolibeba, na seva yenyewe hushinda makundi yote. Hapo masharti yako mengi hayatakuwa na kazi. Jihadhari tu na makundi ya ngazi moja. Seva ikiwa ndani ya makundi ya hifadhidata na malaba, na yote mawili yanataja kigezo kilekile, mshindi ni malaba kwa sababu ya alfabeti tu, wala si kwa uamuzi wako.

Utasema faili moja husomeka kwa urahisi. Ni kweli kwa seva tatu, lakini masharti huongezeka kwa kila seva mpya. Ukitaka kuona jumla, amri ya ansible-inventory --host, ikifuatwa na jina la seva, hukuonyesha thamani za mwisho kutoka kwenye mafaili hayo. Nywila zifiche kwa Ansible Vault.