SOMO: Kupima Hatari Kabla ya Kuinua Gunia

Mkoani Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, na kwa sababu hiyo mavuno huja kwa mkupuo. Mtama, mahindi, karanga na alizeti huingia ghalani kwa pamoja, na kazi ya kupakua na kupakia huangukia migongo ya watu wachache. Chama huandaa mizani, vitabu na fedha za malipo; ni nadra kuandaa namna ya kubeba.

Uzito wa soko na uzito wa mtu

Sheria ya Vipimo, Sura 340, inakataza kufungasha mazao ya shamba katika gunia linalozidi kilo 100. Ndiyo maana lumbesa ni kosa. Kipimo hicho humlinda mkulima asipunjwe. Hakisemi kwamba mtu mmoja aweza kubeba kilo 100 bila madhara. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128, lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Hata wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliokatiza Ugogo kati ya Bagamoyo na Tabora, kwa kawaida walipewa mzigo wa kilo 30 hivi.

Mambo manne ya kutazama

(a) Mzigo. Magunia ya ukubwa mmoja hayana uzito mmoja: la alizeti ni jepesi kuliko la mahindi au mtama. Jicho hudanganya, mizani haidanganyi.

(b) Mtu. Umri, afya na uchovu wake vizingatiwe. Mjamzito, au mtu aliyewahi kuumia mgongo, apewe kazi nyingine. Aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi hii ya hatari.

(c) Njia. Punje zilizomwagika sakafuni huteleza kama changarawe. Ubao wa kupandia lori ukiwa mwembamba au wenye mwinamo mkali, huangusha hata mwenye nguvu.

(d) Kazi yenyewe. Ni mara ngapi mtu huinua, hubeba umbali gani, na lundo limefikia kimo gani? Kuinua huku kiwiliwili kimejipinda huumiza zaidi kuliko kuinua kwa kunyooka.

Mfano wa hesabu

Chama kinapakia tani 30 kwa makuli sita. Kila mmoja atabeba tani 5 kwa siku hiyo, yaani magunia 50 ya kilo 100, au mifuko 100 ya kilo 50. Jumla ni ile ile, lakini uzito unaoukandamiza uti wa mgongo kila mara umepungua nusu. Hapa kuna jambo la kuamuliwa mapema: ujira wa kila gunia ubadilishwe kuwa ujira wa tani, ili kuli asipunjwe wala chama kisilipe mara mbili.

Hatua za chama

Kwanza, kazi ya kubeba ipunguzwe: lori lisogezwe hadi mlangoni, na mkokoteni utumike. Pili, mifuko iwe midogo. Tatu, lundo liwe juu ya chaga, na kimo chake kisilazimishe kurusha mizigo. Mwisho ndipo mtu afundishwe kuinua: miguu imeachana kidogo, magoti yamekunjwa, mzigo uko karibu na kifua, na mwili wote hugeuka kwa miguu, si kwa kiuno. Mafunzo peke yake hayatibu gunia lililozidi uzito.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Katibu aandike kila ajali siku ile ile inapotokea, kwani dai la fidia lisilo na maandishi huwa gumu kuthibitishwa. Mkulima aliyevunjika mgongo ghalani hatalima msimu ujao, na chama kitakuwa kimepoteza mwanachama na mazao yake.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Gunia zito kuliko yote ghalani kwetu lina kilo ngapi?
2. Ni sehemu ipi ya njia, kutoka mizani hadi lundo, iliyo hatari zaidi?
3. Kuli akiumia leo, nani ataandika, na katika kitabu kipi?